Ulimi Safi, Nyama Yenye Tegu

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye soko la nguruwe la Tlalixco, milimani katika jimbo la Guerrero, Fidencio Tlatempa amepiga goti juu ya shingo ya nguruwe mweusi anayepiga mayowe. Anamtia kijiti mdomoni, anauvuta ulimi kwa kitambaa, kisha anapitisha kidole gumba chini yake, taratibu, mara mbili.

Anatafuta vipunje kama vya mchele, dalili ya minyoo ya tegu. Akivigusa, mnyama hanunuliki.

"Mzee, unamkagua au unamposa?" mnunuzi anamtania.

"Subiri, zamu yako inakuja. Sote tunajua ulimi wako una kasoro."

Watu wanaangua kicheko. Yeye hacheki.

Ana miaka sitini na mmoja, na kazi hii ameifanya kwa miaka arobaini. Hulipwa peso ishirini kwa kila nguruwe.

Mwaka juzi alimkagua nguruwe wake mwenyewe, wa sherehe ya ubatizo. Ulimi ulikuwa safi. Wakati soseji zikikaangwa, mjukuu wake Maricruz, mwenye miaka sita, aliomba kuonja.

"Hazijaiva," mama yake, Eulalia, alisema.

"Mwache mtoto. Nguruwe huyu nimemkagua mimi," Fidencio alijibu, akamlisha kwa mkono wake.

Miezi kadhaa baadaye, Eulalia aliona vipande vyeupe, bapa, kwenye nguo ya ndani ya binti yake. Aliona haya, akamnywesha chai ya majani machungu, akanyamaza. Kisha kifafa kikaanza.

Daktari wa zahanati aliwaeleza: tegu lilitoka kwenye nyama, likakaa utumboni. Mayai yake yalipita mikononi mwa mtoto hadi mdomoni, na minyoo ikafika ubongoni. Nguruwe mwenye vipunje vichache huweza kuvificha nyamani, ulimi ukabaki safi.

Tegu lilitoka kwa dawa. Kifafa hakijaisha. Shuleni wamemrudisha nyumbani.

"Baba, ungeniambia tu kwamba huna hakika," Eulalia alimwambia.

"Mwanangu, sikujua kama kuna kukosa hakika."

Siku hizi humwambia kila mnunuzi: "Ulimi ni safi. Nyama sijui. Ipikeni mpaka iive kabisa." Wengi wamemhama, wamekwenda kwa mkaguzi kijana asemaye "safi" tu. Jumapili iliyopita alikagua nguruwe watatu tu.

Amemwomba daktari mara tatu aje sokoni kuzungumza. Bado anasubiri.

"Hapa wanadhani mtoto ana kifafa kwa sababu alishtuliwa na kitu mtoni," anasema, akiosha mikono. "Daktari akija, nitasimama kando yake. Niwaambie nani alimlisha."

Anajifuta mikono kwenye suruali.

"Asipokuja, nitasema peke yangu. Sijui kama nitaweza."