Chumba cha Joto na Chumba cha Upepo

Mtaani walimwita Barafu, ingawa hakuna mtu aliyeichukia baridi kama yeye. Jina alipewa na kazi. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye ghala la baridi, akipanga nyama, kavaa makoti mawili huku nje jua linawaka. Akirudi nyumbani alitaka joto tu. Alifunga madirisha, akazima feni, akajifunika gubigubi na kuona mambo yamemnyookea.

Tatizo, mkewe alikuwa dobi. Mwanamke aliyeshinda kainamia pasi, mvuke ukimpanda usoni, alirudi akiulilia upepo. Huyu anafungua dirisha, huyu anafunga. Huyu anavuta shuka, huyu analisukumia miguuni. Na katikati ya ugomvi huo walizungumza: fulani kachumbiwa, bosi kanuna, mtoto viatu vimembana. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Aliyeharibu ni Barafu mwenyewe, tena aliharibu kwa busara. Binti yao wa mwisho alipoolewa, chumba chake kikabaki wazi.

"Mama watoto," akasema, "chumba cha nyuma kina upepo. Si ulale huko, mimi nibaki na joto langu? Tutapumzika wote."

"Hilo nalo neno," mkewe akajibu, akachukua mto wake.

Walipumzika kweli, na hicho ndicho kilichowaponza. Dirisha halikuwa na mgomvi tena, na maneno nayo yakaanza kuadimika. Mwisho yakabaki ya chumvi kwisha na ya nani kafunga geti.

Majuto ni mjukuu, na ya Barafu yalikuja na kustaafu. Alipokaa nje ya ghala miezi michache, mwili ukamgeuka. Joto alilolililia miaka yote likawa linamkaba. Akafungua dirisha, akawasha feni, bado usingizi haukuja. Hapo akajua kwamba hakuutamani upepo peke yake. Alimtamani mtu wa kugombana naye, na aliumia sana kujua kwamba ni yeye aliyemfukuza kwa maneno matamu.

Jioni moja akajikaza kiume, akaenda kugonga mlango wa nyuma. Maneno alikuwa ameyapanga: nimechoka kulala peke yangu. Mkewe akafungua, amevaa sweta, shuka mabegani. Naye pasi alikwisha kuiacha.

"Mama watoto, kule kuna joto," Barafu akasema.

Mkewe akamtazama, kama anayengoja amalizie. Hakumalizia.

"Na mimi huku baridi inaniua," akasema hatimaye. "Sema tu unataka tubadilishane."

Mtu mzima na ndevu zake, jibu alilolipata ni moja.

"Ndiyo."

Mkewe akachukua mto wake. Wakapishana kwenye korido nyembamba, mabega yakagusana, na kila mmoja akamwomba mwenzake samahani.