Nyota ya Kufungulia Maji

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule ili mdogo wangu wa kike abaki darasani. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, milimani juu ya Same. Zamu yetu ya maji kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, ilianza alfajiri, na asiyefika kufungua aliipoteza. Saa hatukuwa nayo. Niliamka kwa nyota kubwa ya asubuhi, aliyonionyesha mama msimu wake wa mwisho.

Siku moja mdogo wangu alitoka shule akasema, "Dada, ile si nyota, ni sayari, Zuhura. Inalizunguka jua kwa karibu kuliko sisi. Sasa itachomoza kwa kuchelewa kila siku, mpaka ipotelee kwenye mwanga wa jua."

Nikamcheka. "Nyota ya mama inidanganye mimi?"

Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati yanapohitaji maji zaidi, asubuhi nilipoingoja nyota ile mpaka kukapambazuka. Nilikimbia hadi ndiva, nikamwamkia mzee wa zamu.

"Marahaba. Maji yameshakwenda kwa jirani, binti. Ulikuwa unachana nywele?"

Tulivuna magunzi. Mdogo wangu akakosa shule muhula mzima, tukashuka tambarare kufanya vibarua kwenye mkonge. Hakunilaumu.

Jioni moja tukirudi akanionyesha magharibi, juu ya nyika. "Dada, tazama! Zuhura imetokea upande wa pili wa jua." Alifurahi kweli. Mimi niliutazama mkono ule aliounyoosha, uliochanwa na miiba ya mkonge.