Digrii Tano za Bega Langu

Katika dosie yangu ya utumishi, ambayo nakala yake ninaitunza hadi leo, mna karatasi mbili zinazopingana kuhusu bega langu la kuume. Ya kwanza inasema mkono wangu ulipanda hadi digrii mia moja na arobaini. Ya pili, iliyoandikwa majuma mawili baadaye, inasema themanini na tano. Zote zilipigwa muhuri. Kwa sababu ya karatasi hizo nilikaribia kufukuzwa kazi, na kwa kuwa waliosimulia habari hiyo mjini Bukavu waliisimulia vibaya, nitaieleza kwa utaratibu wake.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, nami nilikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali. Nikirudi kutoka Walungu kwa misheni ya kazi, kamioneti yetu ilipinduka na bega langu likateguka. Daktari alilirudisha mahali pake, akaufunga mkono kifuani, nao ukaachwa hivyo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Ulipofunguliwa, bega lilikuwa limeganda.

Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kugusa faili, tulisimama uani mbele ya bendera kwa ajili ya animation: kuimba, kucheza, na kuinua mikono yote miwili kumsifu mkuu wa nchi. Asiyeinua aliandikwa jina. Aliyeandika ni mkurugenzi wetu mwenyewe, ambaye pia ndiye aliyesimamia nyimbo.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Kwa hofu, nilijifunza kuegemea upande wa kushoto na kuukunja mgongo nyuma, ili kiganja cha kuume kionekane juu. Siku nilizokuwa na nguvu, kilionekana. Siku maumivu yalipozidi, sikuweza. Muuguzi aliyeandika karatasi ya kwanza alinipima nikiwa nimesimama, nami nikaegemea vilevile kwa mazoea, naye akaandika alichokiona.

Mkurugenzi aliniita siku moja mbele ya wenzangu, kwa neno la Kifaransa tulilolazimika kuitana sote, yaani mwananchi.

“Citoyen, siku ya kwanza mukono yako ilifika juu kabisa. Leo iko chini. Ni bega gani hii inaangaliaka kalenda?”

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilijua neno linalofuata: kukataa. Mtumishi aliyekataa kuinua mkono mbele ya bendera hakuwa tena mtumishi.

Nilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa kine hospitalini, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo. Alinilaza chali kitandani.

“Inua, papa.” Nikainua. “Hapana! Unainua mbavu. Mugongo ibakie kwa kitanda.”

Nikainua tena, mgongo ukiwa umelala. Mkono ulisimama wima ukielekea dari, kisha ukagoma. Alisoma kipimo chake na kuandika themanini na tano. Niliipeleka karatasi hiyo ofisini nikidhani nimeokoka, kumbe nilikuwa nimempa mkurugenzi silaha: mtu mmoja, bega moja, namba mbili. Alinipa siku tatu za kujieleza.

Siku ya tatu yule mama, ambaye nilikuwa nimemweleza yaliyonipata, alikuja ofisini mwenyewe, kipimo kikiwa katika kikapu: vijiti viwili vya chuma vilivyounganishwa kwenye duara lenye digrii. Aliomba meza iondolewe karatasi. Nilivua koti la abacost, vazi rasmi la enzi hizo, nikalala juu ya meza ya mkurugenzi, wenzangu wakijazana dirishani.

“Citoyen mkurugenzi,” alisema, “kama anakataa kwa roho yake, mimi nikiinua, mukono itaenda mpaka mwisho. Kama bega imefunga, itasimama hata kwangu. Namba utaisoma weye.”

Alianza na mkono mzima, nao ukafika kwenye meza nyuma ya kichwa changu. Kisha ule mbovu. Niliuinua mwenyewe: mkurugenzi akasoma themanini na tano. Ndipo yule mama akaushika.

“Acha uzito kwangu, papa. Usinisaidie, usinikataze.”

Alisukuma polepole. Jasho lilinitoka, nami nikauma meno, kwa kuwa niliogopa kwamba hata mlio ungehesabiwa kuwa maigizo. Mkono ulisogea kidogo, ukagota kama mlango uliofika kwenye fremu yake.

“Makumi tisa!” mkurugenzi akapaza sauti. “Imeongezeka! Hizo tano alikuwa anazificha!”

Yule mama alimgeukia.

“Inua yako, citoyen.”

“Yangu?”

“Weye iko muzima. Inua, mpaka mwisho.”

Aliinua, labda kwa sababu macho yote ya dirishani yalikuwa yakimtazama. Yule mama akaweka kipimo, akasoma kwa sauti, kisha akausukuma mkono wa mkurugenzi kwa vidole viwili. Ukaenda nyuma zaidi.

“Digrii sita zaidi. Mukono ya kila mutu inaendaka mbele kidogo ukiisukuma. Ao na weye unakataaka?”

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mkurugenzi alishusha mkono wake, akakaa, akaomba dosie yangu. Aliandika mistari miwili, akapiga muhuri, akanisukumia. Nilikuwa bado ninafunga vifungo.

Nilisoma: “Mhusika amesamehewa, na aendelee na kazi.”

“Citoyen mkurugenzi,” nilisema, “sikuomba msamaha. Nimepimwa. Tafadhali andika kwamba hakuna kosa.”

“Papa, tuende,” yule mama alininong’oneza akinivuta mkono, ule mzima.

“Unataka kazi ao unataka neno?” mkurugenzi akauliza.

Nilikuwa na watoto sita. Nilichukua dosie, nikatoka. Kazi niliendelea nayo hadi kustaafu. Neno hilo, “amesamehewa,” sikulikubali wakati ule, wala silikubali sasa. Bado limo katika ukurasa wa mwisho wa dosie, na hakuna aliyewahi kulifuta.