Sauti ya Baba Iliyorukwa

Siku ile siisahau, mwanangu, na leo nilipoona programu yako ya kunakili mafaili, na ule mstari wa kuruka faili linalokataa, imenirudia hadi chai imenishinda.

Baba yangu alikuwa na duka la vitenge hapa Bariadi, jioni akifundisha madrasa. Alipoanza kuugua alijirekodi kwenye kompyuta ya dukani: dua, visa vya utoto wake, na maneno ya kumwachia kila mmoja wetu. Majina ya mafaili aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizozizoea. Alipofariki, mama akataka tumsikilize siku ya arobaini.

Kompyuta ilikuwa mbovu, inazimika ovyo. Tukamwita Masanja wa Dutwa, mtoto wa mjomba, kijana mpole anayeijua lugha ya programu ya C kweli kweli. Akaandika programu ya kusoma folda na kunakili kila faili kwenye flashi. Njia aliyotumia haikuzijua herufi za Kiarabu, kila moja ikarudi alama ya kuuliza. Faili lenye jina la namna hiyo halipo, litafunguka vipi? Naye alikuwa ameiagiza programu: likikataa, ruka, endelea. Ikaruka kimya kimya, kisha ikaandika imekamilika. Masanja akapiga Windows upya, vyote vilivyokuwamo vikafutika.

Siku ya arobaini ndugu wamekaa mkekani, tukafungua flashi. Risiti zipo, picha za harusi zipo. Baba hayupo.

"Shangazi, niliona imekamilika," Masanja akamwambia mama, huku analia.

Mama hakumfokea. Aliuliza tu, "Mimi aliniambia nini?"

Tulihangaika na mafundi hadi Mwanza, wapi! Mama amekufa bila kujua. Inaniuma mpaka leo, sikufichi.

Basi nisikilize. Kwenye Windows soma folda kwa herufi pana, zile zinazobeba maandishi ya lugha yoyote, jina likae kama mwenyewe alivyoliandika. Kwenye Linux jina ni baiti tu, namba zilizopangwa, zipeleke zilivyo, usizichezee. Faili likikataa kufunguka, simamisha kazi, useme ni lipi. Na kabla hujafuta cha mtu, mkalishe mwenyewe, afungue nakala, aridhike. Mstari wako ule wa kuruka, hebu ufute sasa hivi nikuone.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila atakayekukabidhi sauti ya mtu wake, aisikie tena.