Dainamo ya baiskeli ilivyonipatia mke Ruiru

Wakuu, salamu kutoka Kiganjo, Thika. Mimi ni mzee wenu. Sitaongeza chumvi, kisa chenyewe kimekolea tayari.

Miaka ya hamsini ikielekea kuisha, nilirudi kutoka Kampala na diploma ya umeme.

Diploma, wakuu! Na hakuna aliyenilipia. Nilibeba magunia ya kahawa mgongoni mpaka nikajisomesha. Kijiji kizima ni mimi tu niliyejua stima inatoka wapi, ingawa stima yenyewe hatukuwa nayo.

Nilimpenda Wambui wa Ruiru. Baba yake, mkulima na mzee wa kanisa, hakunitaka kabisa. Alimwambia baba yangu mdogo, "Huyo wenu amerudi na karatasi. Karatasi inawasha nini, jiko?"

Baba mdogo akabembeleza, tukakubaliwa kwenda kwao mara moja tu. Mzee asiporidhika, nimsahau Wambui.

Nikafunga dainamo kwenye baiskeli yangu. Vijana, hicho ni kichupa cha chuma kinachosuguana na tairi. Gurudumu likizunguka, kinatoa stima. Nikanunua waya na balbu tatu za tochi, nikaendesha hadi Ruiru nikipiga mluzi, baba mdogo nimempakia nyuma.

Ilikuwa Julai, mawingu mazito, na nyumba yao ilikuwa na dirisha moja dogo. Saa nane mchana, ndani giza. Nikatundika balbu kwenye boriti, nikapindua baiskeli magurudumu juu, nikashika pedali kwa mkono, nikazungusha.

Mwanga!

"Ngai!" Mama Wambui akapiga kelele. "Kumbe ukuta wangu una masizi hivi!"

Wazee walioalikwa wakacheka. Mimi nilitaka kuruka juu!

Mzee hakucheka. "Haya kijana, nieleze ulivyosoma."

Swali tamu kama hilo! Nikaanza: Kampala, mitihani, nilivyowaacha wenzangu nyuma... Mkono ukalegea. Giza.

Nikazungusha kwa fujo. Mwanga. "Kama nilivyokuwa nikisema, Baba, mimi ndiye wa kwanza..." Giza.

"Akijisifu, taa inakufa!" mzee akasema. "Hii mashine imemjua."

"Nyamaza uzungushe," baba mdogo akaninong'oneza.

Mzee akasikia. "Akinyamaza nitamjuaje? Sitoi binti yangu kwa taa."

Jasho likanitoka. Nikizungusha, simjibu. Nikimjibu, taa inazimika.

Wambui akaingia na birika la chai. Akaliweka chini, akachuchumaa kando yangu, akaninyang'anya pedali.

"Wewe ongea. Mimi nazungusha."

Taa zikawaka kuliko nilipozungusha mimi!

Kwetu, msichana huulizwa mbele ya wazee kama amekubali, na jibu lake ndilo la mwisho. Wambui hakungoja swali.

Mzee akamtazama, kisha akacheka hadi akafuta machozi. "Huyu amejibu kabla sijauliza. Mimineni chai! Na wewe, maliza hiyo Kampala yako."

Nikaimalizia, wakuu, mwaka baada ya mwaka, mpaka Wambui akasema, "Fupisha, mkono unauma."

Funzo: someni, diploma ni kitu kikubwa. Lakini anayekubali kushika pedali ili wewe usikike, huyo usimwache aende.

Nanyi mlijuaje mmekubaliwa ukweni? Andikeni hapa chini, ingawa najua hamtanishinda.