Mashahidi Wawili wa Mama Nzigire

Nakumbuka Alhamisi moja ya Novemba 2018, katika ukumbi mdogo wa chuo kikuu pale Braamfontein, Johannesburg, nilipopigiwa makofi kwa kulaani jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelitenda siku tisa kabla. Sikujua kwamba nimelitenda. Tafadhali, mwanangu, usiniamini haraka ninaposema hivyo. Mbele kidogo nitakueleza ni kiasi gani nilijua.

Nilikuwa na miaka arobaini kasoro mmoja. Ni umri ambao mtu hujiona amekomaa, lakini ujana ulichelewa kuniacha, kwa maana bado nilipenda kuonekana mwenye akili kuliko wenzangu. Nilikuwa nimehitimu shahada ya uzamili, na tasnifu yangu ilihusu namna raia wa Marekani wanavyozuiwa kupiga kura katika nchi yao wenyewe. Wamarekani walikuwa wametoka kuchagua wabunge wiki chache hizo, na wanafunzi wa Afrika Mashariki wakaniomba nije niwaeleze, kwa Kiswahili, yale waliyokuwa wakiyasoma vipande vipande kwenye simu.

Niliwaeleza. Niliwasimulia majimbo yanayodai kitambulisho cha aina fulani tu, hali wanaotunga sheria wanajua vema ni akina nani hawana kitambulisho hicho. Niliwaeleza vituo vya kura vilivyofungwa katika vitongoji vya watu weusi, hadi bibi mwenye fimbo alazimike kutafuta usafiri kwenda mji wa pili. Nikawaeleza majina yanayofutwa daftarini kwa sababu mwenye jina hakupiga kura chaguzi zilizopita, kana kwamba haki ni nguo inayochujuka usipoivaa. Na sababu inayotolewa kwa yote haya, nikasema, ni moja: kuzuia udanganyifu. Eti wapo watu wanaojifanya wengine ili wapige kura. Wachunguzi wakitafuta watu hao, wanapata wachache mno. Lakini wanaozuiwa kwa jina la kuwatafuta hao wachache ni wengi.

Makofi yalikuwa mazuri, sitaki kukuficha.

Kisha mwanamke mmoja akasimama nyuma ya ukumbi. Alikuwa Mama Nzigire, fundi cherehani wa Jeppestown, mwenyeji wa Bukavu. Utepe wake wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na kupanda basi pamoja na bintiye Aline, aliyesoma hapo chuoni. Aline alizaliwa Johannesburg. Anaelewa Kiswahili chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na wakati ule alikuwa akimvuta mama yake mkono akae. Mama hakukaa.

"Papa Katibu," alisema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho watu huitwa batu, "mi niko na swali moja tu. Hao batu walifutwa majina. Yule aliandika ile orodha, alikuwa anabajua?"

Swali lilinifurahisha. Nikamjibu kwa ufasaha kwamba la, hakuwajua, na huo ndio ukatili wenyewe: ofisa ameketi mbali, anatazama majina, hajaona sura ya mtu hata mmoja.

"Aksanti," alisema. "Basi bale bako na bahati."

Akatembea hadi mbele, bila haraka, akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne na kuiweka juu ya meza yangu. Lilikuwa tangazo la uchaguzi wa chama chetu, lenye sahihi yangu chini.

"Sisi aliyetufuta anatujua," alisema.

Sasa lazima nikueleze chama hicho. Kilikuwa chama cha kuzikana cha watu wa lugha yetu walioko Johannesburg: Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya wachache. Mwenzetu akifariki, tulimsafirisha hadi kwao. Katika mji ule wengi wetu tuliishi kwa karatasi, na karatasi mara nyingi hukosea mtu, mahali pa kuzaliwa hata jina la baba. Kwa hiyo waanzilishi waliweka desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila mwanachama alipojiunga, alileta watu wawili wanaomjua kwao. Majina yao yaliandikwa kando ya jina lake, nao walipaswa kuweza kutaja, bila kusoma popote, njia ya kufika nyumbani kwake. Tuliwaita mashahidi. Ukifa, ndio walioitwa.

Daftari lilikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa katibu kwa mwaka wa nne. Mwenyekiti wetu alikuwa anarudi Kigoma kupumzika, na nafasi yake iliwaniwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Kassimu wa Dar es Salaam, muuza vipuri vya simu, rafiki yangu wa kula naye sahani moja. Wa pili alikuwa Papa Birindwa, Mkongo, mlinzi wa ghala, mtu wa maneno machache. Kassimu alinijia nyumbani Kensington, nilikopanga chumba nyuma ya duka, akaniambia amesikia kwamba Birindwa ataleta wanaume wa mabweni ya wafanyakazi wasio wanachama waje wapige kura. Nilimwuliza amesikia kwa nani. Akacheka, akaniuliza kama elimu yote ile haijanifundisha watu walivyo.

Nikaandika masharti. Kila mpiga kura aje na kibali halisi cha kuishi nchini ambacho hakijaisha muda. Aje na barua ya mwenye nyumba. Kura ipigwe Jumapili, saa nne hadi saa sita mchana, katika ukumbi uliokuwa karibu na kwangu, Kensington. Ambaye nakala za karatasi hizo hazikuwa kwenye jalada la chama, nilimpigia mstari mwekundu daftarini, na majina ya waliopigiwa nikayatangaza. Kila sharti ningeweza kulitetea mbele ya profesa yeyote.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kwako, mwanangu. Nilijua kwamba wakimbizi walilazimika kusafiri hadi mji mwingine ili kuongeza muda wa vibali vyao, wakarudi mikono mitupu na kwenda tena. Nilijua kwamba vyumba vya Jeppestown vimegawanywa kwa mapazia na mbao, na hakuna mwenye nyumba wa huko anayeandika barua. Nilijua Wakongo wako wapi Jumapili saa nne. Nyimbo zao za kanisani husikika hadi barabarani. Sikuyaweka mambo hayo pamoja na kusema kwa sauti, "Hawa ni watu wa Birindwa." Nilikuwa mwangalifu nisiyaweke pamoja. Huo uangalifu ndio unaoniambia leo kwamba nilijua.

Nilisimama mbele ya ile karatasi, wanafunzi wakinitazama. Nikaanza kusema kwamba ni utaratibu wa muda, kwamba uanachama haujaguswa. Mama Nzigire aliniuliza kama chama kina madaftari mawili, moja la kura na moja la kuzikwa. Nilimwambia ni daftari moja. Akaniuliza kama mstari wangu mwekundu utajua kujieleza siku ambayo katibu atakuwa mtu mwingine. Ndipo akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Siku nikikufa, hamtaniuliza kibali. Mtaita bale babili banajua kwetu. Basi na kura, muniulize vilevile."

Hakupandisha sauti. Alikunja tangazo lake, akamwambia Aline twende, wakaondoka kuwahi basi. Alikuwa ameogopa, mwanangu. Nililiona hilo alipogeuka. Tangu ajiunge na chama, miaka kumi na mitatu, alikuwa amelala akijua atazikwa kando ya mama yake, na mimi nilikuwa nimemwondolea usingizi huo kwa kalamu ya wino mwekundu.

Kesho yake nilikwenda kwenye meza ya Kassimu nikamwambia nafuta masharti. Aliendelea kufungua simu ya mteja kwa bisibisi hadi mteja alipoondoka. Kisha akasema nimemuuza siku mbili kabla ya uchaguzi. Nilimwomba anitajie mtu mmoja, jina moja tu, anayekuja kupiga kura ya wizi. Hakuwa nalo.

"Eish, Katibu," alisema. "Umesoma mpaka umepitiliza. Marekani imekuingia kichwani."

"Iliingia tangu zamani," nilimjibu. "Jana ndiyo nimeiona."

Kamati ilikutana mchana huo. Kabla ya yote niliwaonyesha mistari yangu myekundu na kueleza nilivyoipiga. Tulikubaliana kwamba kura ipigwe Jumamosi na Jumapili, tangu asubuhi hadi jua kuzama, ili wa msikitini, wa kanisani na wa zamu wote wapate saa yao; na sanduku likae Jeppestown, katika karakana ya Mama Nzigire, waliko wengi. Asiye na kibali angetambuliwa kwa desturi yetu: wanachama wawili wasimame waseme wanamjua.

Kutangaza hayo haikutosha. Nilishika daftari nikawafuata niliowafuta, mlango kwa mlango, kwa sababu nilitaka kila mmoja asikie kutoka kinywani mwangu. Msusi mmoja wa Uvira hakuacha kusuka. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa kitana nimshikie, akaniambia nirudie, maana mteja wake naye ni mwanachama na hakusikia vizuri. Nikarudia, kitana mkononi, na saluni nzima ikacheka. Mlinzi mmoja aliyekuwa amelala baada ya zamu alinijibu "sharp, sharp", yaani sawa, kupitia mlangoni bila kuufungua, nami nilibaki nje nisijue kama nimesamehewa.

Nimeona mambo ya kujivunia katika maisha yangu, lakini ninapotaka kukumbuka fahari hurudi kwenye siku zile mbili. Foleni ilitoka karakanani, ikapita mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani, ikapinda kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na madereva wakawa wanashusha vioo kuuliza kinachouzwa. Walinzi walikuja na sare zao. Wanaume walikuja baada ya sala ya adhuhuri, kofia zikiwa bado kichwani. Jumapili mchana wakaja wanawake kutoka kanisani na vitenge vyao vya kung'aa, mstari mzima ukiimba chini kwa chini. Na ndani ya karakana, kati ya vyerehani, lilisikika neno moja kutwa: "Namjua." Mtu wa Tanga akasema anamjua Mrundi. Mkatoliki wa Bukavu akasema anamjua Mwislamu wa Unguja. Watu walijinyoosha wanaposemewa hivyo. Mtu anaweza kukaa ugenini miaka mingi bila kusikia neno hilo likisemwa juu yake mbele ya watu.

Kassimu alikuja Jumapili karibu na jua kuzama. Alitoa kibali chake, kizima, kilichotunzwa ndani ya plastiki, akakiinua ili kila mtu akione. Mama Nzigire alimwambia akirudishe mfukoni.

"Huyu namjua," alisema. "Alibeba jeneza la shemeji yangu. Mwingine aseme."

Nilisema mimi. Kassimu hakunitazama.

Alishindwa kwa kura chache. Alikagua kila karatasi kwa mkono wake, akampa Birindwa mkono, akaondoka. Miezi mingi hatukuzungumza, na hata tulipoanza tena, sahani ile moja haikurudi. Nakuambia hili ili usidhani kutengeneza ulichoharibu hakuna gharama. Ningeilipa tena.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nilisoma kwamba katika jimbo moja la Marekani matokeo ya uchaguzi yalikataliwa kwa sababu ya udanganyifu wa kweli. Hakuhusika bibi aliyekosa kitambulisho. Walihusika watu wa kampeni waliozunguka majumbani wakikusanya kura za posta za wengine. Nilifikiria tangazo langu. Katika chama chetu pia aliyehitaji kuchunguzwa ndiye aliyekuwa ameshika daftari.

Jioni ile ya Jumapili ya kura, watu walipokwisha kutawanyika, Mama Nzigire aliniomba nifungue ukurasa wake. Nilikuwa nimekwisha kuunakili upya, bila mstari. Aliweka kidole kando ya jina lake, mahali pa mashahidi. Wa kwanza alikuwapo. Wa pili alirudi Burundi zamani, habari zake zikakatika, na nafasi yake ilikuwa tupu kwa miaka mitatu. Mimi, mwenye daftari, sikuwahi kuigundua.

"Andika jina lako," aliniambia.

Nilimwambia mimi ni mtu wa Tanga, sijafika kwao hata siku moja. Akasema hiyo ni kazi ya kujifunza, na mimi ni mtu wa kusoma. Akaniketisha kwenye kigoda cha cherehani akanifundisha njia: unaposhuka garini, kanisa la matofali mekundu, mteremko unaoelekea ziwani, nyumba ya mjomba wake yenye ua wa mianzi, kisha kaburi la mama yake. Nilikosea, akanirudisha mwanzo. Aline alikuwa mlangoni akisikiliza, na nilipokosea mara ya tatu ni yeye aliyenisahihisha, kwa Kiswahili. Mama yake alijifanya hakusikia. Nilipoweza kusema njia nzima bila kusita, niliandika jina langu. Nina shahada mbili ukutani, mwanangu. Sijaandikwa mahali pa heshima kuliko pale.

Basi nasaha yangu ni hii. Zisome dhuluma za mbali, na uzikasirikie, kwa kuwa zinastahili. Lakini uliza pia umeshika daftari la akina nani: la darasa, la jumuiya, la kazini, la nyumbani kwako. Usijiulize tu kama sharti lako linaweza kutetewa. Karibu kila sharti linaweza. Jiulize kesho nani atabaki nje ya mlango, na kama ulimjua ulipokuwa unaandika. Anayekuletea habari ya wezi, mwombe jina. Na ukigundua umekosea, tengeneza mapema, kwa miguu yako, mbele ya wale uliowakosea, hata kama ni rafiki atakayepotea.

Mungu akujalie watu wawili watakaosema wanakujua, popote utakapokuwa. Siku utakayokabidhiwa kalamu, mkono wako uwe mwepesi wa kuandika na mzito wa kufuta. Na njia ya kwenu isisahaulike midomoni mwa wanaokupenda. Amina.