Baraza Nje ya Ukuta

Mzee Amur alijenga baraza nje ya ukuta wa nyumba yake, na mtaa mzima ukamshangaa. Mtaa wenyewe uko Azaiba, huko Uarabuni, mtaa wa wenye nazo. Miarobaini imepangwa pande mbili za barabara, mabogenvilia yamemwagika juu ya kuta, na malango hufunguka yenyewe gari zikija na kujifunga zikishaingia. Majirani hawajuani kwa sura, wanajuana kwa namba za gari. Sasa mahali kama hapo, wapi umeona mtu akajenga kiti cha saruji nje kwa ajili ya wapita njia, na njia yenyewe haina wapitao ila paka?

Lakini Amur alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, katika nyumba yenye mabaraza mawili mlangoni, na marehemu baba yake alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka watoto wakalichoka: aliyekaa barazani kwako keshakuwa mgeni wako, na mgeni haondoshwi. Amur aliondoka huko akiwa na miaka kumi na mitatu. Alipostaafu wizarani na kujenga Azaiba, fundi alichora bwawa la kuogelea, naye akalifuta bwawa na kutaka baraza.

Alimkusudia hasa Khattab, swahiba wake tangu walipokuwa makarani wawili wanaokaa chumba kimoja Ruwi. Siku hizi Khattab ana jumba mkabala na lake, lenye nguzo kama za benki. "In shaa Allah, yakhe, Ijumaa hii nnakuja," alikuwa akisema Khattab kwenye simu. Ijumaa hizo zimepita kwa miaka kumi na moja.

Aliyekaa alikuwa Shariffa, mkewe. Alikuwa akitoka na buibui lake na kikombe chake, anakaa pembeni mwa mumewe ili mzee asichekwe. Shariffa alifariki miaka minne iliyopita. Nyumbani wakabaki mwanawe Badr na mkewe Hajar, ambao hutoka asubuhi, hurudi jioni, humwamkia mzee kwa adabu zote, kisha hupanda juu. Si watu wabaya, tusiwasingizie. Ila mtu anaweza kuamkiwa kila siku na bado akafa kwa upweke.

Mwanzo wa baridi ya mwaka jana Badr akamjia. "Baba, baraza hili halikaliwi. Gari ya Hajar inaungua na jua. Tulivunje, tujenge kivuli cha gari."

"Ngoja baridi iishe," akasema mzee. "Pasipokaa mtu, vunjeni. Sitosema neno."

Badr akacheka, akakubali. Kwake ilikuwa sehemu ya kuegesha gari tu. Mzee alijua kwamba baraza likivunjwa, yeye naye atapanda chumbani kwake na hatokuwa na sababu ya kushuka.

Akakaa hapo barazani wiki tano. Hakuja mtu.

Ijumaa ya sita, kwenye saa mbili za asubuhi, walipita wanawake wawili waliovaa vizuri, mikoba mikononi. Walikuwa Wakenya wanaofanya kazi za ndani mtaa uleule: Priscah, anayemuuguza bibi mmoja asiyeweza kujigeuza kitandani, na mwenzake Maureen. Ijumaa ndiyo siku yao ya mapumziko, na gari la kanisa huwachukulia hapo penye miarobaini.

"Babu, tunaweza kaa hapa kidogo?" Priscah akauliza. "Gari imechelewa, na hii miguu yangu imekataa."

"Karibuni, karibuni! Kaeni. Baraza halina mlango."

Akaingia ndani mbio, kwa mbio za mtu wa miaka sabini na tano, akatoka na dele la kahawa na vikombe. Wakanywa. Maureen akakunja uso kwa uchungu wa kahawa, mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Toka siku hiyo Ijumaa ikawa Ijumaa. Mzee alianza kununua halua tangu Alhamisi. Aliwatania kwa Kiswahili chao, nao wakamtania kwa chake. Priscah alimhadithia mama yake aliyeko Kapsabet, na ng'ombe wao mkorofi aliyempiga teke daktari. Siku moja akauliza, kikombe kikiwa mkononi, "Na mkeo, babu, alikuwa anaitwa nani?"

Miaka minne, na hakuna aliyemuuliza habari hiyo. Wote waliomjua walisema "marehemu" tu.

"Shariffa," akasema. Na akasikia raha kulitaja, kwa hiyo akalitaja tena.

Badr alimkuta anaosha vikombe jikoni. "Mashaallah, Baba. Basi baraza lina watu."

"Lina watu," akasema mzee, na siku ile alikula wali sahani nzima.

Kisha Khattab akaja.

Alikuja Ijumaa, bila ya kupiga simu, na kanzu yake nyeupe na fimbo yake, akavuka barabara taratibu. Amur alipomwona, moyo ulimpasuka kwa furaha. Khattab akafika, akasimama. Aliwatazama wale wanawake wawili, akaitazama sahani ya halua, akamtazama mwenyeji.

"Yakhe Amur," akasema, na Kiswahili chake hakikuhitaji mkalimani, "ndilo baraza ulonipigia simu miaka yote hii? Mbona limekuwa kituo cha watumishi? Watu wanasema, ati."

Baraza lile lina urefu wa watu sita. Nafasi ilikuwapo. Amur angeweza kusema, "Kaa, Khattab, hawa wageni wangu." Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini aibu ikamshika, aibu ya kijinga ya mtu aliyemngoja mkubwa miaka kumi na moja akahofia atageuza mgongo.

"Haya, inukeni," akawaambia akina Priscah, bila kuwatazama. "Inukeni, wapisheni watu."

Maureen akainuka na kikombe kimejaa. Priscah alikiweka chake chini polepole, akafuta mahali alipokuwa amekaa kwa kiganja, kama anayefuta uchafu. Wakavuka barabara, wakasimama juani.

Khattab alikaa dakika kumi. Alizungumzia magoti yake na kiwanja alichouza Barka. Simu ikalia, akaagana, akaenda zake. Mpaka leo hajarudi.

Maji yakimwagika hayazoleki, na Amur alilijua hilo usiku uleule. Ijumaa iliyofuata alitandika mto, akatoa dele, akavuka barabara mwenyewe hadi walipokuwa wamesimama.

"Mwanangu Priscah, n'lifanya vibaya. Nisamehe. Njooni mkae."

"Hakuna shida, bosi," akasema Priscah kwa upole. "Tuko sawa hapa."

Bosi. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alirudi barazani akamimina kahawa vikombe vitatu, akanywa kimoja. Ijumaa ya pili yake hawakuwapo tena. Walimwomba dereva awachukulie kule barabara kubwa, kwenye maduka.

Baridi ikaisha. Badr aliingia chumbani kwa baba yake akamkuta amelala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo.

"Baba, wale wageni wako vipi?"

"Vunjeni," akasema mzee.

"Lakini si ulisema lina watu?"

"Walikuwapo. N'liwafukuza mwenyewe. Vunja, Badr, nnakuomba."

Mafundi walikuja Alhamisi na nyundo zao. Asubuhi ya Ijumaa, kabla mabonge hayajazolewa, mzee alikuwa amesimama langoni kwa mkongojo. Priscah akapita peke yake, mwavuli mkononi, anakwenda barabara kubwa. Aliyaona mabonge ya saruji, akapunguza mwendo, akasimama.

"Pole, bosi," akasema. Na ilikuwa pole ya kweli, ilionekana machoni.

Mzee alitaka kumwambia akae kidogo apumzishe miguu. Akatazama kulia na kushoto, na hapakuwa na pa kumkalisha.